Wasichana wangu wanaitwa "wa kuja", kikundi niwachanganye na wengine au niwaache peke yao?

SUALI: Assalamu alaykum dada wa safu. Mie niko Wete, Pemba, nna miaka 24, nimeanzisha kikundi cha wasichana wa miaka 12 mpaka 17, tunakutana barazani kwa mama Jumamosi alasiri. Wengi wao mabibi na mababu walikuja kutoka bara kuchuma karafuu, wapo wenye asili ya Kimakonde, wapo Wanyamwezi, na watatu ni Wakristo. Wamezaliwa hapahapa na mama zao wamezaliwa hapahapa lakini skuli bado wanaitwa wa kuja, ndo mana nikaona wapate pahala pao. Sasa majirani wanasema nawabagua watoto wao, mama mmoja kaeneza kua tunawafundisha kuvua mitandio, sheha, kiongozi wa serikali hapa mtaani, kaniita, na wasichana wenyewe walikua 17 siku hizi wanakuja sita. Halafu kuna mtu anataka kutusaidia pesa ila anataka picha zao na kila mmoja aeleze anavyoteseka. Nimechoka dada, niwachanganye na wengine yaishe ao vipi?
Mlezi, Wete

JAWABU: Wa alaykum salaam mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu na ya pili nililia, mana bibi yangu mzaa mama alikuja Pemba kwa jahazi kuchuma karafuu akalipwa kwa pishi, yaani kwa kipimo cha alichochuma, akaolewa hapa akazikwa hapa, na mie nikiwa darasa la nne mtoto mwenzangu akaniambia rudi kwenu. Nikarudi nyumbani kumuuliza mama kwetu ni wapi. Kwa hiyo nikikujibu sikujibu kwa kusikia.

Kwanza usiwavunjie pahala pao. Msichana anaeitwa wa kuja siku tano za skuli anahitaji saa mbili kwa wiki ambazo hana haja ya kujieleza kwa mtu, bibi yake akiongea Kimakonde hamna anaecheka, jina lake halirudiwi mara mbili kwa kejeli. Ukiwachanganya leo ili majirani wanyamaze, wale sita watakua wawili, na hao wawili watakaa pembeni kama wanavyokaa skuli. Ila majirani nao usiwapuuze, mana baraza ile iko mtaani na watoto wao wanaona wenzao wanacheka ndani na wao wako nje. Nnavoona mie fanya siku mbili. Jumamosi yao wenyewe, na siku nyengine uwanjani wazi kwa kila msichana wa mtaa, nage, mdako, kamba, chochote, na wasichana wako ndo wawe wenyeji wa siku hiyo, wao wapange timu, wao washike mpira. Mtoto aliezoea kuitwa mgeni akipangia wenzake timu kuna kitu kinabadilika hata usoni, nimekiona kwa macho yangu.

Sasa hao kumi na moja waliopotea. Hujanambia mwezi gani uliandika lakini kama ni msimu wa karafuu basi usiwatafute barazani, wako mashambani ama wako majumbani wanachambua. Pemba karafuu ndo inaamua saa zetu, tangu kile kimbunga cha 1872 kilichoangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikabaki ndo shamba kubwa, na hao mababu zao waliletwa na kazi hiyohiyo. Wafate huko. Jioni kina mama wanakaa kwenye jamvi wanatoa vikonyo, kaa nao na wewe chambua, mikono inafanya kazi na midomo inaongea, mie mambo makubwa ya maisha yangu nimeyasikia kwenye jamvi la karafuu si kwenye mkutano. Hapo hapo utajua nani kakatazwa kuja na nani kachoka tu na nani anaona haya kwa sababu nguo yake ni ileile kila wiki. Na tazama saa za chuo cha Kurani pia, wengi asubuhi skuli mchana chuo, ukiweka kikundi saa ya chuo mzazi atachagua chuo na ana haki yake.

Mama aliesema mnavua mitandio usimjibu kwa mtu wa tatu wala usimtumie ujumbe wa simu. Nenda kwake, mguu kwa mguu, na mtu mzima mwenzake, mama yako khasa, hodi ya heshima, shikamoo, kaa chini, mwambie bibi Jumamosi njoo ukae nasi uone mwenyewe. Akija mara moja maneno yatapungua, asipokuja walokuona ukimwendea watasema. Wale watatu Wakristo nao wazazi wao waendee hivyohivyo, wana hofu zao kua watoto watasilimishwa kwa mlango wa nyuma, waambie wazi kikundi si cha dini yoyote, ikifika alasiri wanaosali wanasali na wengine wanapumzika, basi.

Kuhusu sheha, usimwogope, na kama hukumpa taarifa mwanzo basi kosa hilo ni lako mdogo wangu, mpelekee barua fupi yenye siku, saa, pahala na majina ya watu wazima wanaosimamia. Akikuuliza kwa nini hawa tu, mwambie Katiba ya Zanzibar ya 1984 kifungu cha 12 kinakataza ubaguzi na watoto hawa wanabaguliwa, wewe unaziba pengo hilo, na siku ya uwanjani ni ya wote. Baadae mkikua mtataka kusajili, jumuiya kwetu zinasajiliwa kwa Mrajis, yaani msajili wa serikali, mtahitaji katiba ya kikundi, ianzeni polepole sasa na wasichana wenyewe watie maneno yao humo.

Nakuja kwenye hili la picha na hapa sitakubembeleza. Usikubali. Sheria ya Mtoto namba 6 ya 2011 inasema mtoto ni alie chini ya miaka 18, wasichana wako wote ni watoto, na mtoto wa miaka 13 akieleza mateso yake mbele ya kamera leo, kesho video iko kwenye simu za skuli nzima na jina jipya kashapewa. Mie nilishawahi kukubali jambo kama hilo zamani, kwa kikundi chengine, tukapata vyarahani viwili na msichana mmoja hakurudi tena, mpaka leo nikimuona sokoni anapita upande wa pili. Mwambie huyo mtu akitaka aone mikoba na mikeka yao, aone wakicheza nage kwa mbali, ama asome barua waloandika wenyewe bila majina na wazazi wameridhia. Akikataa muache aende na pesa zake.

Na katika kukaa nao ipo siku mmoja atakwambia jambo zito, la nyumbani ama la mwalimu ama la mjomba. Usimuahidi kua hutomwambia mtu. Usimhoji mara tano tano. Msikilize, mshukuru kwa kukwambia, halafu umpeleke kunakohusika, hospitali ya Chake Chake kipo kituo cha Mkono kwa Mkono cha kusaidia waliofanyiwa ukatili, na 116 ni namba ya bure ya kusaidia watoto, iandike ukutani waione wote. Na wewe usikae peke yako na mtoto chumba kimefungwa, muwe watu wazima wawili siku zote, hata kama ni baraza ya mama yako.

SUALI: Dada na sisi huku mji wa Mkoani, Pemba, tuna kikundi, wasichana wanasuka ukili wa miyaa, yale majani ya mkindu, tunauza mikoba, sasa pesa zimeanza kuleta maneno. Nani azishike?
Msomaji, Mkoani

JAWABU: Asizishike mlezi. Sanduku moja, kufuli tatu, funguo kwa wasichana watatu wa nyumba tofauti na sanduku likae nyumba ya nne. Kila mkutano linafunguliwa mbele ya wote zinahesabiwa kwa sauti, anaejua kuandika anaandika na asiejua anahesabu. Bei ya mkoba pia wapange wao, na ile miyaa inayonunuliwa itolewe kwanza kabla hamjagawana, mana nimeona vikundi vinagawana kila kitu halafu wiki ya pili hakuna cha kusukia.