Kongo ipi unayoisema?

Mmeuliza wiki hii: ni jina gani la mahali linalochanganya watu zaidi, na mtu alitumie vipi asikosee? Jibu langu ni Kongo.

Asili yake ni ufalme. Mji mkuu wa ufalme huo, Mbanza Kongo, leo uko kaskazini mwa Angola, nje ya Kongo zote mbili. Na mkoa wenye mji huo unaitwa, amini usiamini, Zaire: jina lile lile ambalo Mobutu, rais wa Kongo ya Kinshasa, aliipa nchi yake mwaka 1971, likafutwa 1997. Zaire nayo ni nzadi, yaani mto kwa Kikongo, kama Wareno walivyolitamka.

Kizaazaa chenyewe kilianza 1960. Koloni la Ubelgiji (Kinshasa) lilipata uhuru tarehe 30 Juni, la Ufaransa (Brazzaville) 15 Agosti, na yote mawili yakajiita Jamhuri ya Kongo. Ikabidi watu watofautishe kwa miji mikuu, nayo inatazamana, mto tu katikati. Mpaka leo Kongo-Kinshasa na Kongo-Brazzaville ndiyo majina salama, maana yale rasmi yanatofautiana kwa neno moja, Kidemokrasia, lililo kwenye jina la Kinshasa, na mwenye haraka huliruka.

Kwenye fomu ndipo watu huumia. Orodha ya nchi huziweka Kongo mbili zikifuatana, mtu anabofya ya kwanza, kisha mzigo au malipo yanakwama kwa kuwa mji na msimbo wa nchi havilingani. Kinshasa ni CD: simu +243, faranga ya Kongo. Brazzaville ni CG: simu +242, faranga ya CFA. Soma hiyo herufi ya pili kabla ya kubofya.

Watu wenyewe je? Mkongo anaweza kuwa raia wa nchi yoyote kati ya hizo, au mtu wa kabila la Wakongo, na hao wapo hata Angola. "Mkongomani" hupunguza utata kidogo, kwani huku kwetu wengi hulitumia kwa mtu wa Kinshasa. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano hauhusiki kabisa. Huo ni nyaya za intaneti.

Na mtu wa Dar es Salaam akikwambia viatu kavinunua Kongo, usimuulize pasipoti. Ni mtaa, Kariakoo.