Kuchagua Oili ya Injini kwa Gari Kuukuu katika Baridi ya Minnesota

Wageni wengi wanaohamia Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, kutoka Afrika Mashariki huanza maisha na gari kuukuu, mara nyingi Toyota Camry au Honda Accord ya miaka kumi na tano au zaidi, na hulitia oili kwa kanuni waliyoizoea nyumbani, kwamba injini iliyochoka hupewa oili nzito. Kanuni hiyo ina mantiki yake Dodoma au Mombasa, ambako oili ya 20W-50 inaweza kupunguza moshi na kelele za injini iliyolika. Huku ni hatari. Tarehe 30 Januari 2019 baridi ya Minneapolis ilifika nyuzi 33 za Selsiasi chini ya sifuri, ilhali oili ya daraja la 20W hupimwa kama inaweza kuvutwa na pampu kwenye nyuzi 20 tu chini ya sifuri.

Kwa hiyo jifunze kwanza kusoma namba zilizo kwenye galoni. Namba iliyotangulia herufi W inaeleza tabia ya oili injini ikiwa imepoa, na kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo oili inavyoendelea kutiririka katika baridi kali zaidi: kipimo cha pampu kwa 10W hufanywa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, kwa 5W kwenye nyuzi 35, na kwa 0W kwenye nyuzi 40. Namba ya pili inaeleza uzito wa oili ikiwa na joto la nyuzi 100. Maana yake ni kwamba 5W-30 na 10W-30, injini ikishapata moto, ziko katika daraja moja la uzito, na anayeikataa 5W-30 kwa kudai kwamba ni maji matupu anahofia jambo lisilokuwapo. Oili zote huwa nzito zikipoa. Tofauti ni kwamba 5W haiongezeki uzito sana kama 10W.

Ushauri wangu, basi, ni kuiacha namba ya pili kama kitabu cha gari kinavyoelekeza na kuichagua ile ya kwanza kwa kufuata asubuhi yenye baridi kuliko zote mtaani kwako. Vitabu vingi vya magari ya zamani vina jedwali linaloonyesha oili inayofaa kwa kila kiwango cha joto, na gari lililoandikiwa 10W-30 mara nyingi limeruhusiwa 5W-30 wakati wa baridi. Anayelaza gari nje kule Duluth au International Falls, miji ya kaskazini mwa jimbo, anaweza kufikiria 0W-30.

Kama bei haikulemei, nunua oili ya sintetiki. Oili ya kawaida ya madini hubaki na nta kidogo inayoganda kwenye baridi, na hapo stata na betri, ambayo nayo hupoteza nguvu nyingi katika hali hiyo, hulazimika kufanya kazi ngumu. Utaambiwa kwamba sintetiki huvujisha magari ya zamani. Sintetiki za leo haziharibu sili, yaani vizibo vya mpira vinavyozuia oili isitoke kwenye injini. Ila sili iliyokauka, ambayo uvujaji wake ulikuwa umezibwa na uchafu, inaweza kuonekana ikivuja uchafu huo unapoondoka. Kwa gari la namna hiyo kuna oili za magari yaliyopita maili 75,000, zenye viungo vya kulainisha sili, ingawa hakuna oili itakayoponya sili iliyochanika. Alama ya SP, daraja la ubora wa oili linaloandikwa kwenye galoni, iliyoanza mwaka 2020, inafaa pia magari mengi ya petroli ya miaka ya nyuma. Injini za kale zenye tapeti bapa (vipande vya chuma vinavyosaidia kufungua valvu) zina mahitaji yake, na mwenye nazo amwone fundi anayezijua.

Kuhusu chapa sina la kusema, kwa sababu oili ya bei nafuu yenye alama sahihi ni bora kuliko ya ghali iliyopungua ndani ya injini. Gari lenye ringi za pistoni zilizochakaa hula oili, hivyo vuta kijiti cha kupimia kila wiki, gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa kwa dakika kadhaa.

Jambo linalopuuzwa zaidi ni safari fupi. Anayekwenda kazini kwa dakika saba na kurudi, injini yake haipati moto wa kutosha kukausha unyevu na petroli vinavyoingia kwenye oili, na baada ya wiki chache utakuta povu jeupe kama maziwa chini ya kifuniko cha kutilia oili. Kama maji ya rejeta hayapungui na kijiti chenyewe hakina povu, kwa kawaida huo ni unyevu tu: endesha barabara kuu kwa nusu saa hivi kila wiki, na umwage oili mapema kuliko maili zilizoandikwa. Maji ya rejeta yakipungua, shuku gasketi ya silinda hedi na usiliwashe gari hilo tena kabla fundi hajaliona.