Muulize Fundi Mitambo: Maiki mpya, kelele zile zile

*Shikamoo Fundi. Nina kastudio kadogo chumbani. Nilikuwa na maiki ya dainamiki, nikaambiwa sauti imefifia, ninunue kondensa. Nimenunua. Sasa nasikia feni, nasikia mbwa wa mbali, na mimi mwenyewe nasikika kama niko ndani ya pipa. Nimeuziwa feki? — Mwimbaji wa Chumbani*

Marahaba, mwanangu. Maiki yako ni nzima, ila ni mmbea. Inasimulia kila kilichomo chumbani, wakati ile ya zamani ilikuwa inakustiri.

Na hiyo ya zamani ilisingiziwa. Dainamiki haina umeme wa kuisaidia kama kondensa. Ni sauti yako inayotikisa koili ndogo kwenye sumaku, na kinachotoka ni umeme kiduchu. Shure SM58, iliyoko majukwaani tangu 1966, hutoa milivolti zisizofika 2 kwa sauti ile ile ambayo Neumann U 87 Ai, kondensa ya studio, hutoa 28. Kwa hiyo mwenye dainamiki hufungulia geini (kitufe cha kukuza sauti ya maiki) karibu mwisho, na saundi kadi (kifaa kinachoingiza sauti kwenye kompyuta) dhaifu ikifikishwa huko huanza kutoa “shhh”. Watu wakalaumu maiki, kumbe aliyeishiwa pumzi ni saundi kadi.

Leo usiku fanya jambo moja. Acha geini pale pale unapoimbia, rekodi ukimya wa sekunde 30. Kisha ichukue maiki na waya wake, itumbukize katikati ya kabati la nguo, funga mlango, rekodi tena bila kugusa geini. Vaa hedifoni usikilize vipande viwili. Cha kabatini kikiwa kimetulia, kelele ni za chumba. “Shhh” ikibaki vile vile, kelele zinatoka kwenye vifaa, na hapo ndipo ukasome karatasi ya maiki palipoandikwa kelele yake yenyewe: chini ya desibeli 10 (kipimo cha ukubwa wa sauti) ni kimya kweli kweli, 15 si haba, ikivuka 20 utaisikia mtu akiimba taratibu. Nakutabiria kabisa: kabatini kutakuwa kimya. Chumba cha kulala hakikosi desibeli kama 30 hata usiku, na kondensa yoyote ya maana iko chini sana ya hapo.

Tuje kwenye pipa. Hiyo ni sauti yako inayogonga ukuta na kurudi. Watu hununua sponji nyembamba wakaibandika ukuta ulio nyuma ya maiki, kisha wanashangaa. Maiki nyingi za kuimbia husikia kwa mbele. Mgongoni ni nusu kiziwi. Wewe ndiye uliye mbele yake, kwa hiyo inachokitazama ni wewe na ukuta ulio nyuma yako. Godoro lisimame huko, mgongoni mwako. Feni, kama haizimiki, iwe mgongoni mwa maiki. Na sponji ya sentimita 3 inanyonya “s” na “sh” basi. Wimbi la besi, la hezi 100 (mitikisiko 100 kwa sekunde), lina urefu wa mita 3 na ushee, linapita hapo kama hakuna kitu. Nimeingia vyumba vilivyobandikwa sponji mpaka dari: sauti za juu zimekufa, besi inanguruma, mwimbaji anasikika kama kajifunika blanketi.

Halafu sogea. Ukitoka sentimita 40 ukaja 20, sauti yako inapanda kama desibeli 6 na chumba kinabaki kilivyo. Punguza geini kwa kiasi hicho hicho, mbwa naye atakuwa ameshuka. Usiendelee mpaka uilambe maiki, maana besi itavimba na kila “p” itapuliza. Iweke kando kidogo ya mdomo, ikiwa imekuelekea, hewa ipite pembeni.

Kama baada ya haya yote chumba bado kinakushinda, rudi kwenye dainamiki na usione aibu. Shure SM7 ilitoka 1973, na mpaka leo ndugu zake wako midomoni mwa watangazaji.

*Bwana Fundi, heshima yako. Mimi na mwenzangu tunafungua studio ya biashara. Yeye hataki saundi kadi isiyofika kilohezi 192 (vipimo 192,000 vya sauti kwa sekunde), anadai 48 ni ya watoto. Mimi sisikii tofauti, lakini naogopa nisije nikaonekana sina masikio. — Mbia Mwoga*

Ndugu yangu, kwanza nikuhadithie aibu yangu. Nilipokuwa najifunza kazi, mwalimu wangu alinichezea vokali (sauti za kuimba) mbili, akaniambia moja imerekodiwa kwa vifaa vya bei mbaya, nyingine vya kawaida, nichague. Nikachagua ya pili, tena kwa maelezo marefu: ina uwazi, ina kifua, mwimbaji yuko karibu. Akanionyesha kwenye skrini. Faili lilikuwa moja, ila la pili alilipandisha desibeli 1. Hakucheka, na hilo liliniuma zaidi.

Kwa hiyo kabla hamjabishana, sawazisheni ukubwa wa sauti, tena kwa mita ya programu, msiamini masikio. Rekodini mtu mmoja kwa 192, tengenezeni nakala ya 48, na mtu wa tatu ayape mafaili majina ya A na B bila ninyi kuona. Mwenzako asikilize mara 10, kila mara yakiwa yamechanganywa upya, ataje lipi ni la 192. Akipatia 9, mnunulie anachotaka. Akipatia 5 au 6, anabahatisha.

Sitaki ubishi wenu uishie kwangu, basi chukua na hili: mwaka 2007 jarida la Audio Engineering Society, chama cha wahandisi wa sauti, lilichapisha jaribio la Meyer na Moran, lililopitisha muziki wa diski za ubora wa juu kwenye kifaa cha biti 16 na kilohezi 44.1, wasikilizaji waseme ipi ni ipi. Majibu sahihi yalikuwa 276 kati ya 554. Ukirusha sarafu unapata hayo hayo. Sababu haina uchawi: vipimo vya kilohezi 48 hubeba masafa ya sauti mpaka nusu yake, karibu kilohezi 24, na sikio la binadamu, likiwa bichi, hukomea kama 20. Faili la 192 ni kubwa mara nne kwa kazi ile ile.

Biti, yaani usahihi wa kila kipimo, ndizo msizibanie. Rekodini kwa 24. Kwa 16 una nafasi ya desibeli kama 96 kati ya kelele za kifaa na sauti kupasuka. Kwa 24, kwenye karatasi, ni 144, ingawa saketi nzuri kabisa huishia kwenye 120 hivi. Maana yake kwenu ni kwamba mwimbaji akipiga kelele ghafla hamkimbilii kitufe, kwa sababu mlimwachia nafasi tangu mwanzo.

Mkitaka kugombana, gombaneni kuhusu matundu ya maiki ni mangapi, hedifoni ngapi zinachomekwa kwa pamoja, na programu ya kifaa imesasishwa lini mara ya mwisho. Mteja akisimama mbele ya maiki na kusikia sauti yake imechelewa, hatauliza kilohezi. Bafa (akiba ya sauti ambayo kompyuta huikusanya kabla ya kuichakata) ya sampuli, yaani vipimo, 256 kwa kilohezi 48 ni milisekunde 5 na nukta kuingia, na nyingine kutoka. Kuna waimbaji wanaohisi hapo hapo. Jaribuni na mwimbaji mwenyewe, tena rapa anayekwenda mbio, kabla hamjatoa hela.

*Fundi, niaje. Kumiksi (kusawazisha sauti zote za wimbo) kwa hedifoni ni dhambi? Spika sina. — Mvaa Hedifoni*

Poa. Si dhambi. Kwenye chumba chenye urefu wa mita 3.4, karibu na hezi 50 spika itakudanganya: pembeni besi imejaa, katikati ya chumba imepotea. Hedifoni haina kuta. Itakudanganya kwingine, hasa kwenye kushoto na kulia, kwa hiyo ukimaliza icheze kwenye simu, kisha kwenye redio yoyote mbovu iliyo karibu. Vokali ikizama kwenye simu, ipandishe kidogo tu, ulale, uisikilize tena asubuhi.