Gari la haibridi Mwanza: kinachookolewa kwenye mafuta na kinachodaiwa na betri

Wanaouliza bei ya Toyota Aqua au Prius iliyotumika ni wengi kuliko wanaouliza gari hilo litawagharimu kiasi gani baada ya miaka mitano, ilhali swali la pili ndilo linaloamua kama gari la haibridi kama hayo, yaani lenye injini ya petroli na mota ya umeme inayotumia betri kubwa, litamfaa mkazi wa Mwanza. Mimi hutumia Aqua kwa safari za kila siku kati ya Nyegezi na mjini, na mara mojamoja kwenda Musoma, na ushauri wangu ni kwamba gari hili lina faida kwa anayeendesha zaidi mjini, mradi tu sehemu ya fedha anayookoa kwenye mafuta aiweke akiba kwa ajili ya betri.

Aqua na Prius za kawaida hazichajiwi kwa umeme wa TANESCO, ingawa mtaani utasikia kwamba huchajiwa. Nguvu zake zote hutoka kwenye petroli. Unapopunguza mwendo, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha kwenye betri sehemu ya nguvu ambayo gari la kawaida huipoteza kama joto la breki. Ndiyo maana foleni ya Mkuyuni, inayomkera kila dereva, ndipo gari hili linapojilipa, kwa kuwa injini huzimika na gari likajongea kwa umeme. Kwenye barabara kuu, ambako mwendo haubadiliki sana, faida hiyo hupungua. Chukulia gari dogo la kawaida linalokwenda kilometa 12 kwa lita moja mjini, na la haibridi linalokwenda kilometa 20: kwa kilometa 1,000, la kwanza litatumia takribani lita 83 na la pili lita 50. Zidisha hizo lita 33 kwa bei kikomo ya mwezi huo ya EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, ambayo Mwanza huwa juu kuliko Dar es Salaam kwa sababu ya usafirishaji, nawe utapata kiasi cha kugawa kati ya matumizi na akiba.

Matengenezo ya kawaida hayana usumbufu mkubwa. Pedi za breki hudumu kwa sababu mota husaidia kupunguza mwendo, na hakuna alternata wala stata ya kawaida ya kuharibika. Maji ya kupozea inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uweze kutumiwa na mota, yasisahauliwe, maana yana chombo chake, tofauti na ya injini.

Betri kubwa ndiyo yenye mambo. Hupozwa kwa feni inayonyonya hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma, na hapo ndipo vumbi letu linapofanya uharibifu. Fundi alipoifungua feni yangu, mapanga yake yalikuwa yamevikwa utando wa kijivu wa vumbi na nyuzi za kitambaa cha viti, mzito kama blanketi kuukuu. Feni ikiwa hivyo, betri huchemka, na joto ndilo linaloizeesha haraka. Feni isafishwe mara kwa mara, hasa kwa anayepita barabara za vumbi, na gunia la dagaa lisiegemezwe kwenye tundu hilo, hata kama shemeji anasisitiza kwamba ni safari fupi.

Betri ya Aqua ya kizazi cha kwanza ina vipande 20 vya volti 7.2 kila kimoja. Mafundi wengine hubadilisha kipande kimoja kilichochoka, jambo ambalo ni rahisi leo, lakini majirani zake wana umri uleule na huanza kufuatana. Kwa gari unalokusudia kukaa nalo, heri kubadilisha betri nzima, tena kwa fundi aliyejifunza kazi hiyo, kwani nyaya zile za rangi ya machungwa hubeba umeme unaoweza kuua.

Kabla ya kununua, lipandishe gari mlima wa Bugando ukitazama kipimo cha betri. Kikishuka ghafla na kujaa tena upesi, betri imechoka, na bei ishushwe au uliache. Gari likishakuwa lako, likakaa wiki kadhaa bila kutumika kisha likagoma kuwaka, pima kwanza ile betri ndogo ya volti 12 kabla ya kukubali kwamba betri kubwa imekufa.