Nimeombewa. Vidonge nimeze?

Barua za safari hii zimefanana ajabu. Mtu anamwamini Mungu kwa moyo wote, ila mwili nao una mambo yake, na yeye amekaa katikati hajui amsikilize nani. Nimechagua tano na kuzifupisha, kila moja na jibu langu chini yake.

Mtumishi, Bwana asifiwe. Nina presha mwaka wa sita sasa. Mwezi uliopita niliombewa, nikasikia wepesi mwilini, nikatoa ushuhuda kanisani. Sasa wenzangu wa kikundi cha maombi wakiniona nameza vidonge wanasema naukana uponyaji wangu. Niache?

Asifiwe milele, dada yangu. Usiache.

Presha ina ujanja wake: mara nyingi haiumi. Mtu anaweza kuwa na 170 kwa 100 na bado akaimba kwaya mwanzo hadi mwisho bila hata kichwa kumgonga. Kwa hiyo wepesi ulioupata, ambao siudharau hata kidogo, hauwezi kukuambia presha yako ni ngapi. Mashine ndiyo itakayokuambia. Tena zipo dawa za presha ambazo ukizikatisha ghafla, presha hupanda kwa kasi, na kiharusi hakipigi hodi.

Sasa tuingie kwenye Neno, maana najua ndiko wenzako wanakokubana. Soma 2 Wafalme 20. Hezekia anaugua, analia, Mungu anamjibu kwamba atamponya na kumwongezea miaka 15. Ahadi imetoka kwa Mungu mwenyewe. Kisha Isaya anasema nini? Leteni mkate wa tini. Wakauweka juu ya jipu, akapona. Hakuna aliyemwambia mfalme kwamba zile tini zinaitangua ahadi.

Kuna na lingine ambalo wahubiri wengi tunalipita mbio. Yesu alipomtakasa yule mwenye ukoma katika Marko 1, alimwagiza aende akajionyeshe kwa kuhani. Kwa torati, kuhani ndiye aliyekagua ngozi na kutamka kwamba huyu ni safi. Muujiza ulipelekwa kukaguliwa, na aliyeupeleka huko ni Bwana mwenyewe. Nawe fanya vivyo hivyo. Endelea na dozi, nenda kliniki, mweleze daktari kila kitu pamoja na maombi, upimwe. Ikiwa presha imeshuka na kutulia, yeye ndiye atakayekupunguzia dawa. Hapo utarudi kanisani na ushuhuda wenye tarakimu.

Kuhusu wenzako, wapende, ila wasikusimamie kwenye kumeza vidonge.

Kanisa letu limetangaza mfungo wa siku 21. Mimi nina kisukari na nachoma insulini. Nikibaki nakula nitaonekana sina mzigo wa maombi.

Ndugu, usifunge chakula kabla ya kuzungumza na daktari wako. Ukichoma insulini bila kula, sukari inaweza kushuka hadi ukatetemeka, ukatoka jasho, ukachanganyikiwa na kuanguka. Ukiacha kuichoma ili ufunge, hiyo ni hatari nyingine, nayo ni kubwa pia. Danieli 10 inaeleza mfungo wa majuma matatu ambao Danieli hakula chakula kitamu, wala nyama, wala divai. Hasemi kwamba hakula kabisa. Majuma matatu ni siku 21 zilezile. Kwa hiyo ipo njia ya kuungana na wenzako: acha vinono, acha simu na televisheni, saa hizo zipeleke kwenye maombi. Mchungaji wako mwambie ukweli mapema. Habari ya kufunga ili uonekane na watu, Mathayo 6 imeshaimaliza.

Namuuguza mama yangu aliyepooza mwaka wa nne huu. Ndugu zangu hupiga simu tu kuuliza hali. Siku hizi nikimlisha nasikia hasira, halafu usiku nalia kwa kujiona sina upendo. Si imeandikwa upendo huvumilia yote?

Pole sana, mama. Nimeisoma barua yako mara mbili.

Mtu asiye na upendo angeshaondoka mwaka wa kwanza. Hasira unayoisikia naiona kama uchovu uliokosa pa kwenda. Na ule mstari wa 1 Wakorintho 13 Paulo aliliandikia kanisa zima lililokuwa likigombana. Hakumwandikia binti mmoja abebe peke yake huku wengine wakipiga simu.

Musa alipoinua mikono vitani, Kutoka 17, mikono ilichoka. Maandiko yanalisema hilo waziwazi bila kumlaumu. Wakamtafutia jiwe akakaa, kisha Haruni na Huri wakamshika, huyu upande huu na huyu upande huu. Sura inayofuata, mkwewe Yethro anamwona akiamua mashauri toka asubuhi hadi jioni, anamwambia wazi kwamba atadhoofika, kazi hiyo hawezi kuifanya peke yake. Na Musa alisikia.

Sasa wewe, waite ndugu zako, na usiseme "nisaidieni", maana neno hilo kila mtu huliitikia na hakuna anayekuja. Sema: wewe ni Jumamosi kuanzia asubuhi, wewe ni dawa na nepi, wewe ni kumpeleka kliniki. Asiyeweza kuja alipie wa kushika zamu. Wakikataa, peleka kwa wazee wa familia au kwa mchungaji, si fitina. Kanisani pia omba mtu wa saa mbili tu kwa wiki. Yule mwenye kupooza wa Marko 2 alibebwa na watu wanne.

Siku ya zamu ya mwingine, lala. Usiende kufua.

Mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Je, unene ni dhambi?

Mstari huo, 1 Wakorintho 6, Paulo aliusema akikemea zinaa. Tumeugeuza mizani ya kupimia watu kilo. Unene una sababu nyingi, nyingine za kurithi, nyingine za dawa. Tembea kwa miguu, dakika 150 kwa wiki ndicho kiwango cha chini Shirika la Afya Duniani linachopendekeza kwa mtu mzima, punguza sukari, na uache kumtazama jirani yako kanisani.

Naomba hadi saa saba usiku lakini wasiwasi hauishi, na usingizi haupo. Biashara imeyumba. Nimeanza kuogopa kwamba simtumaini Mungu.

Kijana wangu, mfikirie nabii Eliya, 1 Wafalme 18 na 19. Ametoka mlima Karmeli, moto umeshuka mbele ya macho ya watu, na tishio moja la malkia Yezebeli linamkimbiza hadi jangwani, anakaa chini ya mti wa mretemu na kuomba afe. Malaika anakuja. Mimi ningekuwa malaika ningeanza na mahubiri kuhusu imani. Huyu alimgusa tu: inuka, ule. Mkate juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akalala tena. Akaamshwa mara ya pili, akala tena. Maswali ya Mungu yalimngoja mlima Horebu, siku 40 mbele.

Kwa hiyo fupisha maombi ya usiku. Andika madeni yako kwenye karatasi saa ukiwa bado na akili, mchana, na useme na wanaokudai kabla hawajakutafuta. Usiku mtwike Bwana ile karatasi, kama 1 Petro 5:7 inavyosema, uzime simu, ulale saa nne. Kahawa ya jioni acha. Usingizi ukiendelea kukosekana kwa wiki kadhaa, au ukianza kutamani kufa kama Eliya, usingoje hata siku moja: mwambie mtu wa karibu na uende hospitali. Na kabla ya yote hayo, niambie, leo umekula?