Feni ya Peugeot 504 isiponasa: pima umeme kabla ya kununua vipuri

Peugeot 504 niliyoachiwa na marehemu baba ilikwenda vizuri kabisa barabarani, lakini kila nilipokaa kwenye foleni ya feri ya Likoni mshale wa joto ulianza kupanda, na siku moja ilichemsha nikiwa nimebakiza magari matatu tu kuingia ferini. Dalili hiyo ilitosha kunionyesha pa kuanzia, kwa sababu gari linapokimbia upepo wa safari huipoza rejeta, ila likisimama kazi yote huachiwa feni. Kwa masikitiko, mimi nilianza kwa kubadilisha thamostati, nikaosha rejeta, nikanunua na mfuniko wake mpya. Gari la aina hii lilishinda Safari Rally mwaka 1975, kwa hiyo sikukubali nilipoambiwa kwamba 504 zote ndivyo zilivyo.

Feni yake huzungushwa na mkanda, ila hunaswa kwa sumaku ya umeme. Maji yakipata moto, swichi ya joto hupitisha umeme hadi kwenye kaboni ndogo inayosugua pete nyuma ya puli. Sumaku huvuta sahani ya chuma iliyoshikamana na feni, na feni huanza kuzunguka kwa nguvu pamoja na puli. Maji yakipoa, feni huachiwa.

Fundi mmoja aligusisha testa ya taa kwenye waya wa kaboni, taa ikawaka, akasema umeme upo ila sumaku imekufa, kisha akakaza skrubu tatu za kitovu ili feni inase daima. Njia hiyo inafaa kukufikisha nyumbani, lakini si matengenezo: injini ilichelewa kupata moto asubuhi na feni ilinguruma safari nzima.

Nilizilegeza zile skrubu, nikaanza upya kutoka mwisho wa njia ya umeme. Injini ikiwa imezimwa, nilivuta waya wenye fyuzi kutoka chanya ya betri na kuugusisha kwenye kaboni. Sahani ikanasa kwa mlio mkavu, tak! Sumaku ilikuwa hai, kaboni ilikuwa inagusa, na erthi ilikuwa nzima; ubovu ulikuwa nyuma zaidi, kwenye njia inayoleta umeme hadi kwenye kaboni.

Hapa ndipo wengi hupotea. Niliunganisha nyaya mbili za swichi ya joto ili umeme upite bila kusubiri moto, nikafungua ufunguo bila kuwasha injini, na kupima waya wa kaboni ukiwa umechomolewa: volti 12.3. Nilipourudisha mahali pake na kupima tena, mita ilionyesha volti 6.8. Waya uliooza hupitisha umeme mdogo unaotosha mita au taa ya testa, lakini sumaku ikianza kuvuta umeme wake, volti huanguka. Kwa hiyo pima kifaa kikiwa kazini.

Nilirudi nyuma hatua kwa hatua. Kwenye swichi volti zilikuwa bado chini, kwenye fyuzi zilikuwa kamili. Kati ya hapo palikuwa na kiungio karibu na betri, kimefungwa tepu nyeusi, nacho kwa nje kilionekana kizima. Nilipochuna tepu, nyuzi za shaba zilikuwa zimegeuka unga wa kijani na zilizobaki nzima hazikuzidi tano. Chumvi ya hewa ya Mombasa ilikuwa imeingia humo kwa miaka. Nilikata hadi kwenye shaba inayong'aa, nikalehemu na kufunika vizuri. Volti zikasimama 12.

Ikiwa wewe ulikwisha kuweka feni ya umeme, usiipitishie swichi ya ufunguo moja kwa moja, kwa kuwa feni nyingi hunywa ampea 10 hadi 20. Weka relei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe mkubwa, na fyuzi yake, na fyuzi ikikatika usiweke kubwa zaidi. Kwa wenye feni ya sumaku, kagua urefu wa kaboni kila unapobadilisha mkanda, ufute pete kwa kitambaa kikavu, na uweke kaboni moja ya akiba garini.

Jumamosi iliyofuata nilikaa Likoni dakika arobaini. Mshale ulipanda, nikasikia tak, ukashuka.