Daktari wa magonjwa ya kurithi ya watoto husomea nini?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa tatu, na ninatamani kubobea katika magonjwa ya kurithi ya watoto. Wenzangu wananikatisha tamaa wakidai kuwa kazi hiyo ni ya maabara tu, mafunzo yake hayaishi, na wagonjwa wenyewe hawana tiba. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kliniki. Kabla ya damu kutolewa, daktari huketi na wazazi akachora ukoo wa vizazi vitatu, akiuliza kwa upole kama wawili hao wana undugu wa damu, mimba zipi ziliharibika na watoto gani walifariki wakiwa wachanga. Kisha humkagua mtoto: mzunguko wa kichwa, nafasi kati ya macho, masikio yalivyokaa, mistari ya viganja. Mstari mmoja unaokatiza kiganja chote, ukiambatana na misuli iliyolegea, unaweza kumwelekeza kwenye ugonjwa wa Down, unaotokana na kromosomu ya ziada (kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli), ingawa watu wengi wenye afya njema wanao mstari huo, na kwa hiyo kipimo cha kromosomu ndicho huthibitisha.

Kuhusu urefu wa mafunzo, wenzako hawakukosea. Baada ya shahada ya udaktari na mafunzo kazini, husomewa ubingwa wa watoto, kisha jenetiki ya tiba, yaani ubingwa wa magonjwa ya kurithi. Nchini Marekani hatua hizo mbili huchukua miaka 3 na 2, au miaka 4 zikiunganishwa, na kila nchi ina utaratibu wake. Nakusihi usiuone ubingwa wa watoto kuwa daraja la kupitia tu. Mtoto wa siku tatu anayekataa kunyonya, anayetapika na kulegea huonekana kama mwenye maambukizi ya damu, kumbe huenda mwili wake unashindwa kuondoa amonia, taka yenye sumu itokanayo na protini, na kila saa inayopita bila kuipima inaumiza ubongo. Anayetambua hatari hiyo ni daktari aliyewazoea watoto wachanga.

Dai la kukosa tiba ndilo linalonisikitisha zaidi, kwa sababu linawafanya wazazi wachelewe. Mtoto mwenye fenilketonuria, ugonjwa wa kurithi ambao mwili hushindwa kuvunjavunja fenilalanini (sehemu ya protini ya chakula), akigunduliwa kwa tone la damu ya kisigino na kuanzishiwa mapema lishe yenye fenilalanini kidogo, huepushwa na ulemavu wa akili. Ni kweli kwamba magonjwa mengi bado hayaponi, lakini kuujua ugonjwa kwa jina humwezesha daktari kuchunguza moyo au figo kabla hazijaharibika. Wazazi nao, ikiwa wote wawili wamebeba jeni la ugonjwa unaojitokeza tu mtoto anaporithi nakala mbili zenye kasoro, wataelezwa kwamba uwezekano ni robo kwa kila mimba, na kwamba kumpata mtoto mmoja mgonjwa hakuwahakikishii kuwa watatu watakaofuata watakuwa wazima.

Kwa sasa, omba ruhusa ya kuhudhuria kliniki ya watoto wenye magonjwa haya, na usikilize hasa namna daktari anavyowapa wazazi majibu.